Mwalimu wa Makoti Mawili

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Koti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 upande wa chini wa reli, mtoto wa pili wa fundi seremala na mama muuza maziwa. Mimi ninayesoma ni dada yake, kitinda mimba. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mtaani, kisha akaenda chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1973. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kuiga watu alijaliwa. Siku moja alimwiga mwalimu mkuu, akachapwa, na alipomaliza kuchapwa akaiga namna alivyochapwa. Hata mwenye fimbo alicheka.

Mwaka 1976 alimwoa fundi cherehani kutoka upande wa juu wa reli. Mnajua wenyewe yaliyosemwa. Wa chini walisema ametusaliti, wa juu wakasema binti yao amerogwa. Waliofika harusini hawafiki nusu ya mliokuja kumzika. Wifi yangu yule alikuwa mtu wa watu, na walijaliwa mtoto wa kiume na binti.

Mchana marehemu alifundisha, jioni aliongoza maigizo kwenye ukumbi wa mtaa. Aliondoa pazia, akaliweka jukwaa katikati, wa chini wakaketi huku na wa juu kule, wanatazamana. Kila mwigizaji alijifunza sehemu mbili. Mchezo ukifika kati, waliokuwa wakitukanana walibadilishana makoti mbele ya macho yenu, kila mmoja akaendelea na maneno ya yule aliyekuwa akimtukana. Makoti hayo, moja la wa chini na moja la wa juu, alishona wifi, yawatoshe wote.

Kulikuwa na fundi rangi wa upande wa juu, alikataa kabisa. "Mwalimu, maneno ya hawa watu hayanitoki mdomoni."

"We vaa tu. Koti litajisemea."

"Na wakinizomea?"

"Watakuwa wamelizomea koti. Utalivua, utakwenda zako kula."

Akalivaa. Nilimwona bibi mmoja wa kwetu, ambaye hakuwa amewahi kumsalimia mtu wa juu, akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kaka alikuwa akisema hana haja mpendane, anachotaka ni mkae mpaka mwenzenu amalize kusema. Kwa miaka mingi mlikaa, na nyinyi wenyewe mlijisifu kwa hilo.

Kisha mwaka 1998 ukaja ugomvi wa sokoni kati ya wa chini na wa juu. Fundi rangi alipigwa na watu wa kwao, kwa kosa la kuyasema vizuri mno maneno ya upande wa pili. Akapoteza jicho. Mikono iliyompigia makofi ukumbini ndiyo iliyompiga njiani. Ukumbi ukafungwa, leo ni ghala la saruji, na hakuna aliyekanyaga mlangoni kwa kaka kumpa pole. Leo mmefika, na mmependeza kweli.

Wifi alifariki tarehe 2 Agosti 2009. Watoto wakagombana azikwe upande gani. Wa kiume akahamia kwa wajomba zake, binti akabaki kwetu, na tangu siku hiyo hawasemeshani.

Novemba 2021 marehemu alipatwa na kiharusi. Wanawe walimhudumia, siwanyimi haki yao. Ila walipangiana zamu ili wasikutane: huyu asubuhi, huyu jioni. Muuguzi akamuuliza, "Mzee, una watoto wangapi? Kila anayekuja ananiambia yuko peke yake." Kaka aliinua vidole viwili, akalia. Mtu aliyewavisha maadui koti moja alishindwa kuwakutanisha wanawe kitandani pake.

Ulimi ukiwa mzito, aliniomba, "Walete pamoja. Siku moja tu." Nikapiga simu. "Shangazi, kama yupo yeye, mimi siji." Nikapiga ya pili, nikajibiwa hivyo hivyo. Inaniuma mpaka sasa.

Marehemu alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa saba mchana. Mmoja alikuwa ameshaondoka na mwingine hajafika.

Ameacha dada mmoja, rafiki yake fundi rangi aliyemhesabu kama ndugu, na wajukuu wanne wanaojuana kwa picha. Kuhusu watoto, waliochapa programu hii walitaka niandike "waliomuuguza kwa pamoja". Sidanganyi mbele ya jeneza. Nimeandika hivi: ameacha mtoto wa kiume na binti. Nimewaweka kwenye mstari mmoja, na tangu mama yao azikwe, hapo ndipo mahali pekee walipokaa pamoja.

Kaka, pumzika sasa. Umetuvumilia vya kutosha.