Anayeandika Bado Hajamaliza

Benchi letu liko nje ya duka la Fundi, chini ya dirisha ambalo waya wa umeme hutolewa nje ili wateja wajaribu mashine zao kabla hawajaondoka nazo. Mimi nashona zipu na vifungo hapo pembeni. Nina cherehani moja na masikio mawili, na kusema kweli masikio ndiyo yanayochoka zaidi. Kila asubuhi birika la kahawa huwekwa katikati na ubishi huanza kabla vikombe havijapoa. Zima-Washa alikuwa mlinzi wa benki zamani, na tangu tumfahamu ana dawa moja tu ya kila kifaa: zima, hesabu mpaka kumi, washa. Shahidi tulimpa jina hilo kwa sababu halijatokea jambo lolote duniani ambalo yeye hakuwepo. Fundi mwenyewe huketi mlangoni na bisibisi yake, na hasemi kitu mpaka aulizwe mara mbili.

Asubuhi hiyo tulimwona mjane wa Seremala akija taratibu, amebeba kompyuta ya kukunja, na ameibeba ikiwa wazi, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa. Kioo chake kilikuwa kinawaka. Tulimpisha, akaiweka kwenye benchi kati ya Shahidi na birika, Fundi akaichomeka kwenye umeme.

— Shemeji, si ungeifunika tu ukaitia kwenye mfuko? Zima-Washa alimuuliza.

— Nikiifunika italala. Sitaki ilale.

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikammiminia kahawa, akakishika kikombe bila kunywa, na akatueleza.

Mumewe tulimzika wiki sita zilizopita. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, kalamu ikamshinda, akanunua kompyuta hiyo hiyo hapa kwa Fundi ili aandike barua. Alikata roho akiwa ameketi mbele yake, na katika pilika za msiba hakuna aliyeikumbuka mpaka chaji ikaisha. Watu walipotawanyika mama huyu aliiwasha. Kwanza ililalamika kwamba haikuzimwa ipasavyo. Programu ya kuandikia ikagoma kufunguka, ikidai faili lake moja halionekani. Mara ya pili ikafunguka nusu, ikaganda, nyeupe tupu. Mara ya tatu ikakubali. Akaifungua barua, na hapo ndipo yakaja maneno ambayo alimwomba Fundi atusomee, maana alitaka watu wengine nao wayasikie. Alikuwa ameyapiga picha kwa simu.

Fundi aliisoma ile picha kimoyomoyo, kisha akatutafsiria: faili hili limefungwa kwa sababu linaandikwa na mtu mwingine. Chini yake palikuwa na majina matatu ya Seremala, yote, vile vile yalivyo kwenye kaburi lake.

Shahidi alisogea kidogo kutoka kwenye ile kompyuta. Hakusema alikuwepo.

Fundi akaendelea. Mashine ilikuwa imempa mama njia tatu. Afungue kwa kusoma tu, ajitengenezee nakala yake, au asubiri ajulishwe mwenzake atakapomaliza.

— Ulichagua ipi, mama?

— Ya tatu.

— Kwa nini hiyo?

— Miaka arobaini nimeishi na mtu wa kupima mbao. Akiwa anapima sikumsemesha, nilisubiri ainue kichwa. Nikaona na hapa nisubiri.

Na amesubiri. Wiki tano na ushei hajaizima mashine hiyo wala kuifunika, na usiku huiweka mezani na kutundika kanga pembeni yake ili mwanga usimkere. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Asingekuja kwetu kama si mwanawe. Kijana huyo alifanya kazi na baba yake mpaka karakana ilipoungua, miaka kumi na miwili iliyopita. Chanzo kilikuwa jiko la kuchemshia gundi, lililoachwa likiwaka. Baba alimnyooshea kidole mbele ya watu, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake, na kijana hakukanyaga, hata siku ya maziko alisimama barabarani ng'ambo. Sasa alikuwa amekuja tena, amelala nyumba ya wageni, na angepita hapa dukani kumuaga mama yake kabla ya basi lake la saa sita. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba hataingia ile nyumba mpaka ajue baba alisema nini. Akiondoka leo, mama alisema, hatarudi tena, anamjua, ni baba yake mtupu. Na juu kabisa ya barua paliandikwa: Kwa mwanangu.

— Tuisome basi, nilisema.

Ilikuwa pale pale kwenye kioo, kwa kuwa anayesubiri huruhusiwa kusoma bila kugusa. Tuliinama sote. Ilikuwa mistari miwili tu.

*Mwanangu, nakuandikia kwa sababu ulimi wangu haujawahi kunitii. Siku ile nilipokufukuza nilikuwa*

Basi. Hapakuwa na nukta.

— Nilikuwa na hasira, alisema Zima-Washa. Ndivyo wanavyosema wote.

— Au nilikuwa na haki, alisema Shahidi. Mnamjua mzee yule.

Mama alisema hayo ndiyo yanayomnyima usingizi, kwamba neno moja tu linaweza kumleta mtoto ndani au kumpoteza moja kwa moja. Kwa hiyo hakutaka kumwonyesha barua iliyokatika. Alitaka mwenye barua amalize.

Hapo benchi likawaka moto. Zima-Washa alisema mashine imechoka, wiki tano bila kuzimwa hata mtu angeweweseka, na akanyoosha kidole kuelekea kitufe cha kuzimia. Mama aliushika mkono wake.

— Ukiizima, yeye atakuwa wapi?

Zima-Washa akaurudisha mkono, akauweka mfukoni kabisa.

Shahidi akaja na yake. Kuna wezi wa mitandaoni, alisema, huingia kwenye mashine ya marehemu na kuvaa jina lake, amewahi kukaa nao meza moja. Fundi akasema kompyuta hiyo haijawahi kuunganishwa na mtandao wowote. Shahidi akabadilisha: basi ni mashine yenyewe, mtu akiichapa kila siku inaushika mwendo wa vidole vyake, na siku mwenyewe akikosekana inaendelea. Akatuonyesha kile kitaa kidogo cha ubavuni, kinachowaka mashine ikiwa na kazi. Kilikuwa kinawaka na kuzima, kinapumzika, kinawaka tena. Mkono wa Seremala ulikuwa unatetemeka hivyo hivyo, alisema. Nilijiambia ni upuuzi, lakini sikuweza kuacha kukitazama.

Tulimuuliza Fundi mara mbili, akajibu. Programu ikifungua barua, alisema, huacha karibu yake kijifaili kilichofichwa, chenye jina la anayeandika, ili wawili wasiandike kwa pamoja. Akimaliza na kufunga vizuri, kinafutika. Mashine ikikatika ghafla, kinabaki, na jina linabaki nacho. Si mzimu. Ni masalio. Yeye angekitafuta, angekifuta, na barua ingefunguka.

— Ukikifuta, jina lake litaondoka? mama aliuliza.

— Litaondoka.

— Naye atakuwa ameandika mpaka hapo tu?

Fundi aliitazama saa, ilikuwa saa tano kasorobo, akasema kwa upole kwamba kijana yuko njiani na ni vizuri waamue. Mama akakubali kwa kichwa. Fundi akainuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akawa anaizungusha kompyuta imwelekee.

Ndipo ikalia. Mlio mmoja, mdogo, kama kijiko kugonga glasi. Kisanduku kilitokea katikati ya kioo, na Fundi alikisoma akiwa amesimama vile vile, kitambaa mkononi.

— Inasemaje? niliuliza.

— Inasema faili sasa liko huru.

— Si umekifuta?

— Sijagusa kitu.

Na ni kweli, nilikuwa namtazama. Mikono ya Zima-Washa ilikuwa mifukoni, ya Shahidi ilikuwa imekumbatia kikombe. Kile kitaa cha ubavuni kilikuwa kimetulia.

— Amemaliza, mama alisema. Alianza kulia, bila sauti, huku akijiweka sawa kanga kichwani kana kwamba kuna mgeni anabisha hodi.

Kijana alitukuta hivyo. Alikuwa na mkoba begani na vidole vyenye makovu ya patasi, akatuamkia shikamooni, tukaitikia ovyo ovyo. Mama alimshika mkono akamketisha mbele ya kioo, akamwambia ni barua yake, aifungue mwenyewe. Alitutazama mmoja mmoja, hakupata msaada, akabonyeza.

Barua ilijifunga, ikafunguka upya. Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule. Wa pili haukuishia pale tulipouacha.

*Siku ile nilipokufukuza nilikuwa najua kwamba mimi ndiye niliyeliacha jiko la gundi likiwaka.*

Palikuwa na nukta.

Nilisoma mara tatu. Kijana hakuwa anajua tulichokiona mwanzoni, kwa hiyo yeye alisoma mara moja tu, akaketi na mikono juu ya magoti. Sisi wengine tulianza kusema kwa pamoja. Zima-Washa alisema lazima maneno yalikuwepo tangu zamani, mashine iliyachelewesha. Shahidi aliapa kwamba hayakuwepo. Fundi akasema programu nyingi hujiwekea akiba zenyewe mtu anapoandika, labda ilikuwa imehifadhi sehemu hiyo pembeni ikairudisha sasa, hilo hutokea, na alipokuwa anasema hivyo akafungua taarifa za faili atuonyeshe tarehe, ili tutulie. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Ilionyesha kwamba barua ilibadilishwa mara ya mwisho leo, saa tano kasorobo. Aliifunga taarifa ile haraka, lakini Shahidi alikuwa ameshaona, na mabishano yakapanda: saa ya mashine imeharibika, hapana, iko sawasawa na ya mkononi, nani aliigusa, hakuna, basi nani.

Mama peke yake hakubishana. Alikuwa anampapasa mwanawe mgongo, anamwambia twende nyumbani, umesikia mwenyewe, twende ukaoge, ule, ulale kitandani kwako.

Kijana hakuinuka. Aliinua uso, akaangalia kioo, siyo sisi, na akauliza polepole.

— Namba yangu ya simu alikuwa nayo. Miaka yote kumi na miwili sijaibadilisha. Kwa nini hakunipigia?

Mama aliacha kumpapasa. Nadhani wote tuliwaza jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sababu tuligeukia kioo pamoja. Mbele ya ile nukta ya mwisho kijistari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kupotea, kinawaka na kupotea. Tuliinama tukakitazama, tukisubiri.