Siku Kwaya Ilipozunguka Mlima

Asifiwe Bwana aliyeturudisha salama kutoka Umatengo, wote kumi na tisa! Ndugu zangu wa kanisa la Mfaranyaki, mnanifahamu. Mimi ni yule binti anayerudi mlangoni mara tatu kuangalia kama amefunga kufuli, halafu akifika njia panda anarudi mara ya nne. Kwenye kwaya hawaniiti kwa jina langu la ubatizo. Wananiita Itakuwaje.

Jina hilo nilijitafutia mwenyewe. Tukipanga safari nauliza, itakuwaje gari likikwama? Tukipika nauliza, itakuwaje gesi ikiisha maharage hayajaiva? Chuoni nilisomea miamba na udongo, nikarudi nyumbani na cheti, nikakaa. Miaka miwili nilituma barua za kuomba kazi, na kila nikituma moja nilikuwa naisoma upya, natafuta kosa. Usingizi ukanikimbia. Mama alisema kichwa changu ni mashine ya kusaga iliyowashwa bila mahindi.

Ndipo nikaja hapa mbele mkaniombea. Nikaahidi mbele yenu kwamba neno "itakuwaje" halitatoka tena kinywani mwangu, kwa sababu tuliona ni neno la mtu asiye na imani. Mkapiga makofi. Nikaishika ahadi hiyo kwa wiki tano. Hofu haikuondoka, ndugu zangu. Ilikosa tu pa kutokea.

Wiki ya sita tukaenda kuimba kwenye harusi ya Salome, mwenzetu wa sauti ya kwanza, kijijini kwao kule milimani. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, ikakatika asubuhi ile. Gari likatuacha bondeni kwa sababu ya utelezi, tukaanza kupanda kwa miguu, sare tumezikunja, spika na kinanda vichwani. Kaka Ponsiano, kiongozi wetu, alitangulia na viatu vyake vyeusi vya kung'aa. Tulikuwa tumeshachelewa. Njia ya mkato inapita chini ya mteremko mkali. Ile ya kuzunguka mgongo wa mlima inaongeza saa mbili. Wenzangu wakashika ya mkato.

Mteremko ule ulikuwa shamba la ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili maji ya mvua yatulie humo, yanywee ardhini polepole badala ya kuburuta udongo. Lakini shamba lile lilikuwa limetelekezwa. Mashimo yalijaa magugu na maji yamesimama. Chini, kando ya njia, watu walikuwa wameuchimba mguu wa mlima ili pikipiki zipate kupita. Na juu kabisa niliona ufa uliopinda kama ukucha.

Neno likanijia mpaka kwenye meno. Nikakumbuka ahadi. Nikakumbuka makofi yenu. Nawaambia ukweli, nilitembea hatua kumi na moja chini ya mteremko ule nikiwa kimya, kwa sababu niliogopa kuchekwa kuliko kufa. Hatua ya kumi na mbili nikasimama.

Nikasema, "Itakuwaje udongo huu ukishuka?"

Walicheka mpaka kinanda kikataka kuanguka. Mmoja akasema pepo limerudi, tena safari hii limekuja na mabegi yake. Kaka Ponsiano hakucheka. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Dada, uliombewa. Salome anatungoja kanisani. Tembea."

Siku zote hofu yangu ilikuwa ikiuliza, inajijibu yenyewe, kisha inauliza tena. Siku ile Bwana akanitia wazo moja tu: kaulize udongo. Nikaazima jembe kwa mama aliyekuwa akipalilia shamba la jirani, nikapanda kwa pembeni, nikachimba shimo la kufika mapajani. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, mzito, umelewa maji. Chini yake palikuwa na tabaka jembamba la mfinyanzi, linateleza kama sabuni, na maji yanatiririka juu yake. Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni: nikakata kipande cha udongo pande zote, kikabaki kimesimama peke yake kama ndoo, kimeshikwa chini tu. Ukikigonga kwa kiganja, kinakuambia mlima umeshikamana kiasi gani.

Nikamwita Kaka Ponsiano. Nikamwambia, "Usiniamini mimi. Gonga wewe."

Akagonga mara ya kwanza kwa kunivumilia. Kipande hakikutikisika. Akagonga mara ya pili. Mara ya tatu kipande chote kikachomoka, kikateleza kama ugali kwenye sahani yenye maji, kikamwangukia viatuni.

Aliviangalia vile viatu. Kisha akawageukia wenzetu waliokuwa njiani, akasema, "Rudini. Bebeni spika. Tunazunguka."

Tulikata matawi tukayatandaza njiani, kama madereva wafanyavyo gari likiharibika, na yule mama wa jembe akabaki kuwazuia wapitao. Tulipotokea upande wa pili tukatandaza mengine. Tulifika maharusi wameshatoka kanisani, sisi tope mpaka magotini, na mama yake Salome akatupokea amenuna. Tukaimba hivyo hivyo. Katika wimbo wa tatu tukasikia mngurumo, kama lori linamwaga mawe. Wanaume wakakimbia kutazama. Waliporudi walisema njia ya mkato haipo tena, na yule mama amepaza sauti kutoka ng'ambo kwamba hakupitisha hata kuku.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa chini, ndugu zangu! Hata mmoja! Mama yake Salome alinikumbatia na tope langu lote. Kaka Ponsiano akashika kipaza sauti, akaurudia wimbo ule kuanzia mwanzo.

Leo nairudisha ile ahadi hapa hapa nilipoitoa. Nilimwomba Mungu aniondolee hofu, akaniondolea aibu. Kufuli bado narudi kuliangalia, lakini mara moja, nalishika kwa mkono, naondoka. Sasa nalala. Kazi sijapata bado, ila wanakijiji wa kule wameniita nikaikague nao miteremko mingine kabla ya mvua zijazo, na nitakwenda.

Wewe uliyekaa hapo na swali unaloliona la aibu, usilimeze. Aliyeumba mlima hachoki kuulizwa habari zake. Mtegemee Yeye, kisha shika jembe. Siku hizi kwaya ikipanga safari, Kaka Ponsiano hafungi kikao mpaka amenigeukia na kuniuliza, "Itakuwaje?" Na wote wananingoja nijibu. Atukuzwe aliyeushika mlima mpaka mtu wetu wa mwisho akatoka chini yake!