Ida Maud Thurlbourn, Mtandika Vitanda wa Ngazi F

Marehemu Ida Maud Thurlbourn alizaliwa tarehe 9 Machi 1911 mtaa wa Romsey, Cambridge, mtoto wa Bwana Albert Pettit wa reli na Bi. Florence. Bi. Florence alikuwa “char”, kama walivyoitwa enzi hizo wanawake wa kusugua nyumba za watu kwa kibarua.

Alisoma shule ya mtaani. Alipenda hesabu, lakini alipofika miaka kumi na minne magoti ya mama yake yaliharibika, naye akaichukua ndoo.

Tarehe 4 Juni 1932 alifunga ndoa na Reg Thurlbourn, mpagazi wa stesheni. Alisema alimpenda kwa sababu alifuta viatu bila kuambiwa.

Mwaka 1946 aliajiriwa chuoni kuwa “bedder”, mtandika vitanda vya wanafunzi, kwenye vyumba vinane vya ngazi iliyoitwa F. Ukimwita msafishaji alikasirika. “Msafishaji ni wa ofisini. Mimi nina vijana wangu.”

Kila chumba kilikuwa na milango miwili. Wa nje ukifungwa, maana yake mwenyewe asisumbuliwe. Bwana Alistair Fenn, mmoja wa vijana hao, alipenda kumtania:

“Bi. Thurlbourn, ule ukifungwa hata malkia haingii!”

“Hata akikuletea chai?”

“Aiache ngazini.”

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 1954 mlango wa nje wa Bwana Fenn ulikuwa umefungwa. Marehemu alikuwa na ufunguo, lakini alishuka zake. Mchana kijana alikutwa sakafuni, amefariki kwa pumu. Marehemu alipoulizwa alijibu, “Sikusikia kitu, bwana.”

Mama wa kijana alimtumia kadi kila Krismasi, kumshukuru kwa kumtunza mwanawe. Marehemu hakuzipanga na kadi nyingine. Alizilaza kwenye droo ya vitambaa, maandishi yakitazama chini. Tangu hapo kila asubuhi alitugongea mlango sisi wanawe, mimi na Derek: “Mpo?” Hakuondoka mpaka tujibu. Siku hizi nawafanyia wanangu hivyo hivyo. Wananicheka, lakini wanajibu.

Mwezi Oktoba 1978 alianza kuugua moyo. Tarehe 11 Januari, hospitalini, alinishika mkono.

“Joyce, nilisikia. Kiti kiligonga sakafu mara tatu. Nikadhani ananitania.”

“Lala, Mama.”

“Usiniambie nilale. Siku ya kunizika uwasomee hilo. Usinipambe.”

Alifariki kesho yake alfajiri, 12 Januari 1979.

Mama Fenn hayupo tena. Nilimpelekea dada wa kijana, Bi. Rosalind Fenn, karatasi hii kabla haijachapwa, maana sikutaka aisikie kwa watu. Siku nne sikupata neno, nikawa naruka kila simu inapolia. Ya tano alipiga mwenyewe.

“Isome yote,” alisema. “Na jina la kaka yangu msilikosee.”

Kisha akakata.

Marehemu ameacha watoto wawili, Joyce na Derek, wajukuu watano, na dada yake Winifred. Mumewe alimtangulia mwaka 1968.

Mungu awapumzishe, yeye na Alistair James Fenn.