Mgema Aliyesomwa Mfanyabiashara wa Mbao

Wasikilizaji wapendwa, kamwene. Wewe uliye shambani na redio umeitundika mtini, na wewe unayeota moto jikoni maana baridi ya leo haina adabu, karibuni nyote tukae pamoja.

Leo tunamkumbuka mzee Odilo Mlowe. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa na miaka sabini na nne. Alikuwa mgema wa ulanzi, kitongoji cha Mianzini, nje ya mji wa Njombe. Narudia, na nitarudia mpaka mnichoke: mgema wa ulanzi. Kwa nini nakazania neno hilo, mtajua sasa hivi.

Habari hizi nimepewa na binti yake, mwalimu Oktavia, mkuu wa shule moja ya msingi huko Makambako. Alikuja hapa studio juzi. Nikampa chai, ikapoa mbele yake. Nikamwambia aingie hewani asimulie mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akasema, "Sema wewe. Mimi nikifungua mdomo nitalia, na sistahili kuonewa huruma." Basi nasema mimi.

Odilo alifanya kazi nyingi. Alipasua mbao msituni kwa msumeno wa watu wawili. Alipakia magunia ya mahindi kwenye malori pale Makambako mpaka bega likaota sugu. Alilinda gesti moja karibu na stesheni ya reli. Hiyo aliiacha baada ya miezi mitatu, akasema hakuzaliwa kutazama mlango. Halafu, akiwa na miaka thelathini na mbili, baba yake mdogo akamwachia mianzi. Akarudi kijijini, na hapo ndipo alipopata kazi ya moyo wake.

Mliozaliwa mbali na huku niwaeleze. Mvua zikishaanza, mwanzi mchanga hukatwa ncha. Chini ya ncha hufungwa mbeta, yaani chombo cha kipande cha mwanzi, na maji ya mwanzi hudondokea humo. Asubuhi na jioni mgema hupita shina kwa shina, akichonga ncha upya kwa kisu kikali. Anachonga kidogo tu, kama unavyomenya kitunguu. Ukichonga nene umeuua mwanzi. Ukiruka siku, umekauka. Yale maji ya alfajiri ni matamu, tunayaita mtogwa, hata mtoto anakunywa. Yakikaa yanakuwa pombe, ndiyo ulanzi wenyewe, na hapo mnajua wenyewe, mimi simo.

Mzee Odilo aliiamkia mianzi yake. Jamani, nasema kweli. Alifika kwenye shina, akasema "Kamwene!" halafu akaitikia mwenyewe. Dada yake, shangazi Esteria, ameniambia hivi: "Tulidhani amerukwa na akili. Lakini mtu anatoka na kisu anacheka, anarudi na mbeta anacheka, miaka arobaini! Mimi mume wangu alikuwa na kazi ya ofisini, sikumwona akicheka asubuhi hata moja." Na Odilo mwenyewe, akiulizwa kwa nini hatafuti kazi nyingine, alijibu, "Zile nyingine zilinitoa jasho. Hii inanitoa kitandani."

Mnajua mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa mpaka Wanging'ombe, na maji hakutia.

Oktavia alisomeshwa na mianzi hiyo. Utotoni alibeba mbeta kichwani kwa maringo. Lakini alipofika chuo cha ualimu, wenzake wakamwuliza baba yake anafanya kazi gani. Akajikuta anasema, "Ni mfanyabiashara wa mbao." Neno likatoka jepesi tu. Baadaye likawa zito, maana alipangiwa shule Makambako, na msimu wa mvua wanafunzi wa huko walikuwa wakija darasani wananuka ulanzi. Oktavia alikuwa mkali. Alisimama paredi akasema ulanzi ni adui wa shule. Kwenye kikao cha wazazi aliwasema wagema mpaka wengine wakaondoka. Sasa mtu huyo atasema lini kwamba yeye ni mtoto wa mgema? Kila mwaka uliopita, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Mwezi wa tatu mzee akashikwa kifua. Siku tano, akafariki.

Mnajua desturi yetu. Kabla jeneza halijaenda kaburini, husomwa wasifu wa marehemu. Msomi wa familia ndiye huandika, na msomi alikuwa Oktavia. Walimu wenzake walikodi Kosta kutoka Makambako kuja kuzika. Akawafikiria wale. Akaandika, "Marehemu alikuwa mkulima na mfanyabiashara wa mbao."

Katekista Polikarpo akasimama kusoma. Alipofika hapo akasita, akasoma tena kimoyomoyo, akaendelea kwa sauti. Kule nyuma walikosimama wagema kukawa na minong'ono. Shangazi Esteria akainuka.

"Polikarpo, ngoja kwanza. Huyo unayemsoma ni nani? Sisi tumekuja kumzika Odilo. Mbao za Odilo ni hizo alizolalia tu."

Polikarpo akamtazama Oktavia. Lilihitajika neno moja tu kutoka kwake, wasikilizaji wapendwa, neno moja, na karatasi ingerekebishwa pale pale. Oktavia akajifunika uso kwa kitenge. Watu wakadhani ni uchungu wa msiba. Haukuwa uchungu, ilikuwa aibu, na alikuwa anawaogopa walimu wa kwenye Kosta. Polikarpo akakohoa, akamalizia kusoma. Mzee Odilo Mlowe, mgema wa ulanzi, akazikwa kama mtu mwingine.

Baada ya mazishi mzee Lenard, mgema mwenzake marehemu, akamfuata Oktavia. Hakuja kugomba. Alimpa pole, akasema, "Mwalimu, kuna jambo labda hulijui. Sisi wengine, nakiri, tuliwauzia hata watoto wa shule. Baba yako hakuwauzia. Mtoto mwenye sare akifika kwake anafukuzwa mpaka barabarani. Alituambia, mwanangu ni mwalimu, sitaki kumtia aibu."

Oktavia alinieleza hayo akitazama sakafu. Nikamwambia, pole mama, ila wengi tumeficha ya kwetu, usijitese hivyo. Akasema, "Hujasikia bado."

Basi sikieni na ninyi. Miaka miwili iliyopita Oktavia alipandishwa kuwa mwalimu mkuu. Walimu wakaja nyumbani kumpongeza, wamekaa barazani na soda. Mume wake, Elieza, alikuwa safarini. Mara geti likagongwa. Ni Odilo, ana kofia yake na koti la Jumapili, kwapani kakumbatia mbeta. Aligema alfajiri, akawahi basi la kwanza kutoka Njombe ili mtogwa ufike ukiwa bado mtamu. Oktavia akaenda getini haraka, akasimama katikati ya njia. Mwalimu mmoja akauliza kutoka barazani, "Mkuu, nani huyo?"

Akajibu, "Ni mzee anayetuletea maziwa."

Odilo alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alisikia. Akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Ndiyo, mama mwalimu. Nimeleta maziwa." Akaiweka mbeta chini kwa uangalifu isimwagike. Akageuka, akaenda zake stendi. Hakupewa hata maji.

Wageni walipoondoka, Oktavia aliumwaga mtogwa kwenye karo, akafungua madirisha ili usiache harufu.

Mzee hakumwuliza kitu. Krismasi alipokwenda nyumbani, alingoja wawe wawili tu, akasema, "Wageni wako walifurahi?" Oktavia akasema ndiyo, baba, walifurahi. Mzee akasema, "Haya, vizuri." Ikaisha hivyo. Kwa baba iliisha. Kwa Oktavia haijaisha, na nilivyomwona juzi, sijui itaisha lini.

Kwa niaba ya kituo chetu nampa pole shangazi Esteria, nampa pole Elieza na watoto, nawapa pole wagema wote wa Mianzini. Na mwalimu Oktavia, pole sana. Wewe unayesikiliza, kaa kidogo ujiulize: kazi iliyokulisha na kukusomesha, ukiulizwa mbele ya wakubwa, unaitaja kwa jina lake? Kama mzazi yupo hai, bado una nafasi. Mwenzako hana.

Mwisho, Oktavia ameniachia ujumbe. Amesema niusome leo, maana Jumatatu atasimama paredi mbele ya walimu wenzake, na anataka wawe wamekwisha kusikia. Ni kwenu, walimu mliokaa barazani siku ile Makambako. Yule mzee wa getini hakuwa muuza maziwa. Alikuwa Odilo Mlowe, mgema wa ulanzi, baba mzazi wa mwalimu wenu mkuu. Naye alikuja kumpongeza, kama ninyi.