Muuguzi Aliyetuketisha Meza Moja

Tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya matatizo ya ulaji anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Sisi wazazi tumeombwa tuandike neno. Wenzangu wakanisukumia mimi, basi mnivumilie.

Alipoanza, wodi ilikuwa chumba kimoja, na watu walisema mtoto asiyekula anadeka tu. Yeye akashikilia kuwa huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Hakuchoka mpaka daktari, mshauri na mtaalamu wa lishe wakawa wanakaa pamoja kumjadili kila mgonjwa, na familia nayo ina kiti. Zamani mzazi aliishia mlangoni na wasiwasi wake.

Kubwa kuliko yote ni meza ya mchana. Familia inakula pamoja na mgonjwa, na mezani haizungumzwi habari ya chakula wala ya mwili. Mpira sawa, majirani sawa, hata umbea ruksa. Sasa mwambie mama asiseme "kula mwanangu"! Ni kama kuzuia chafya. Akiniona mdomo unanicheza, ananisogezea jagi la maji nimimine.

Binti yangu alikuwa karibu kuruhusiwa kurudi nyumbani wifi yangu alipokuja kumwona. Sheria hakuijua. Mlangoni tu akapaza sauti: "Wee! Mbona umenenepa, umependeza hivyo!" Kwetu hiyo ni sifa. Binti akaweka kijiko chini, akasukuma sahani. Nikajua safari ya kurudi nyumbani imevunjika.

Muuguzi hakugomba. Akavuta kiti. "Kaa hapa, shangazi mtu. Hebu tuambie, usichanani ulikuwa na vituko gani?"

Wifi yangu hasukumwi mara mbili. Akasimulia alivyotoroka dirishani kwenda dansini, gauni likanasa kwenye msumari, akabaki ananing'inia kama nguo ya kuanikwa mpaka kaka yake akaja kumnasua.

"Kumbe baba alijua?" binti akauliza.

"Alijua! Na ili asinisemee, mashati yake nikayafua mpaka mikono ikachubuka!"

Binti akacheka, cheko lile la zamani. Muuguzi alikuwa anakula chakula chake, haangalii sahani ya mtu. Katikati ya vicheko kijiko cha binti kikainuka. Mimi nikamimina maji mpaka yakafurika mezani.

Baadaye muuguzi alimweleza wifi sheria ya meza taratibu, pembeni. Siku hizi wifi ndiye anayewapokea jamaa wapya mlangoni na kuwapa onyo, tena kwa ukali!

Binti yuko nyumbani sasa. Siku ngumu bado zipo, na kliniki anahudhuria. Nilipomuuliza muuguzi tutafanyaje akiondoka, alinishangaa: "Kwani kukaa mezani mmesahau?"

Hatujasahau. Ahsante sana, muuguzi wetu. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuamshe, afya na furaha zikufuate. Na ukipita kwetu mchana, usiseme umeshiba. Binti yangu amesema atakupakulia mwenyewe, halafu akae mle pamoja.