Maji ya Vibao: Maisha ya Mwalimu Asiyatu Kasimu, 1958–2025

Mama Tulinagwe, jirani wa marehemu hapa Makambini, Tunduma, ameruhusu hili lisemwe mbele yake. Mwaka 1999 ni yeye aliyeeneza kwamba Mwalimu Asiyatu anamwaga dawa chini ya mparachichi kila jioni, ili watoto wa mtaa wakila matunda wasahau kwao. Kumbe yalikuwa maji ya kuoshea vibao vya kuandikia vya chuo chake cha Kurani. Maneno ya Kurani yakishaandikwa kwa wino wa masizi, maji yake hayamwagwi njiani yakakanyagwa, basi Mwalimu aliupa mti. Mti ukazaa hadi matawi yakaegemea ukuta wa jirani. Mama Tulinagwe akaja na beseni. "Sasa dawa hiyo," akasema, "mbona humwagi na upande wangu?"

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 huko Mangochi, Malawi, mtoto wa tatu wa mzee Kasimu Makawa. Shule aliishia darasa la nne, ila Kurani aliihitimu kwa babu yake akiwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka 1977 aliolewa na marehemu Idrisa Chitenje, mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na mwaka 1994 wakahamia Tunduma. Watoto wa wahamiaji wenzao walicheza peke yao, wa mtaa peke yao, kama vile katikati yao kuna mpaka mwingine. Tarehe 5 Aprili 1999 akafungua chuo sebuleni kwake. Somo la mwisho la kila siku lilifanyika nje: kupita mlango kwa mlango kuamkia. Watoto thelathini, shikamoo thelathini.

"Mwalimu, leo nusu wapeleke kwa jirani Mbonile," Mama Tulinagwe alilalamika. "Marahaba zimeniishia."

Baadaye wajukuu wa Mama Tulinagwe, Wakristo wa Moraviani, wakaingia kwenye msururu ule bila kuitwa na mtu.

Mwaka 2018 mwanawe Twaibu alimwoa Fides, binti wa Kikristo kutoka Mbebe, Ileje. Fides aliingia nyumba ile akiogopa hata kushika kijiko. Jumapili moja baada ya kujifungua alikuwa jikoni, hajui aombeje ruhusa. Mwalimu akamfungua mtoto mgongoni.

"Nenda kanisani, mkamwana. Ila mchungaji wako akirefusha, huyu atanimaliza mabega."

Novemba 2023 kisukari kilianza kumshinda. Miguu ikavimba, macho yakafifia. Alitibiwa Tunduma na Mbeya. Twaibu alishauri chuo kifungwe ili mama apumzike. Mwalimu alilaza mkono juu ya rundo la vibao. Hofu yake ilikuwa hiyo moja: kufuli mlangoni, na watoto warudi kucheza kila mmoja na wa kwao.

Alifariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na mbili jioni. Leo Alhamisi tunamzika saa kumi, saa ile ile chuo huanza.

Ameacha watoto wawili, Twaibu na Salima wa Mlowo, mkwe mmoja, wajukuu watano, wanafunzi thelathini na wanane, na jirani mwenye beseni. Mola amlaze mahali pema.

Jumapili iliyopita alimwita Fides, akamshika mkono.

"Salima atahamia hapa awasomeshe Kurani. Wewe, mwanangu, wafungulie mlango saa kumi. Maji ya vibao usimwage njiani. Na wasiende kwao kabla hawajamwamkia Mama Tulinagwe, hata akisema zimemwishia."