Kiungo cha Kumi na Saba

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwajabu Twalibu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya redio ya chuo chetu cha ufundi hapa Kibiti. Alikuja mwaka 1994 akitokea kwao Mahege, wakati karakana ilipokuwa na meza moja na kifaa kimoja tu cha kuchomea risasi inayounganisha vipuri.

Wanafunzi wake wanatengeneza redio Mtunda, Utete na hadi visiwani kwenye delta, ambako chumvi haiachi kiungo salama. Wote wamechukua tabia yake ya kuuliza maswali kabla ya kushika bisibisi. Mvuvi mmoja, Shaban, aliwahi kumletea redio iliyonyamaza. Bi Mwajabu alimhoji nusu saa nzima: ilikuwa imewekwa wapi, imeegemea upande gani, nani aliigusa mwisho. Shaban akadhani anashtakiwa.

Kifaa anachokipenda kuliko vyote ni njiti ya fagio la chelewa. Haipitishi umeme, na kwa ncha yake anabonyeza kiungo kimoja kimoja redio ikiwa imewashwa, ametega sikio. Zabibu, msafishaji wetu, hachoki kulalamika kwamba fagio lake linanyonyolewa kama kuku.

Lakini redio moja ilimsumbua. Tuliiunda pamoja mwaka 2013, wiki niliyoajiriwa kuwa msaidizi wake. Asubuhi inaimba vizuri, mchana inanyamaza. Ukiipiga kibao inarudi kidogo. Januari mwaka huu alitangaza kwamba hataki zawadi ya kuagwa. Anataka kujua ubovu wa redio ile kabla hajaondoka. Nilishauri tuchomee upya viungo vyote arobaini na vitatu, tumalize kazi.

Akasema, "Ukivichomea vyote itapona, lakini hutajua ilikuwa inaumwa nini."

Akaanza kuandika daftarini kila ilipozima. Kufikia Mei aligundua kwamba siku za mvua haikunyamaza hata mara moja. Bati likipata moto, kimya. Basi joto ndilo lililokuwa likiachanisha kitu. Alhamisi iliyopita, saa saba mchana, redio ikiwa imenyamaza, alipita na njiti yake taratibu. Alipobonyeza kiungo cha kumi na saba, ikaongea.

Nilikitambua. Nilikichomea mimi, na kwa haraka ya ugeni nilikipuliza kipoe, kama mtu anavyopuliza chai. Risasi ikaganda kabla haijaushika vizuri mguu wa kipuri. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimeshuku hivyo, na nikanyamaza. Nilimwambia palepale, nikiona aibu kwelikweli. Bi Mwajabu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Niliposhika kifaa cha kuchomea ili nikirekebishe kiungo, alinizuia. Ameagiza redio ibaki karakana na ubovu wake, wanafunzi wa mwakani wautafute wenyewe. Njiti ameniachia mimi.

Bi Mwajabu, asante kwa kutufundisha kutaka kujua. Karakana itapwaya bila wewe. Mungu akujalie afya, na nyumba yako ya Mahege isikose furaha wala wageni. Na mwanafunzi wa kwanza atakayeuliza ni nani aliyekipuliza kiungo cha kumi na saba, nitamjibu.